Jua, Vitamini D na Mgonjwa wa Neva

Leo nazungumza na wewe unayemuuguza mtu mwenye ugonjwa uitwao multipo sklerosisi. Hapa kwetu hauonekani sana, na wengine huzungushwa kwa waganga kwanza kabla ya kufika kwa daktari wa neva. Kinga ya mwili hugeuka ikashambulia ganda linalofunika neva, zikawa kama waya wa umeme uliochubuka. Macho huingia ukungu, miguu hufa ganzi, mgonjwa hupepesuka.

Wagonjwa hawa mara nyingi hupatikana na upungufu wa vitamini D. Utauliza, upungufu vipi na jua lote hili la Kenya? Vitamini hii hutengenezwa na ngozi ikipigwa na jua, na asiyeweza kutembea hushinda ndani. Kumweka nyuma ya dirisha la kioo hakusaidii, maana kioo huzuia miale inayohitajika. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi.

Upungufu huu hudhoofisha mifupa na misuli. Dawa za steroidi, ambazo wengi wao hupewa, pia hudhoofisha mifupa. Mtu kama huyo akiteleza bafuni, anaweza kuvunjika nyonga.

Basi mtoe nje, mikono na miguu ikiwa wazi. Lakini hapa ndipo walezi hushtuka: joto humlegeza mgonjwa huyu, hata macho yakafifia. Hajalogwa, wala si lazima ugonjwa umezidi. Mrudishe kivulini, mpe maji baridi. Mwili ukipoa, hali hutulia. Siku nyingine mtoe kwa muda mfupi, kukiwa na upepo. Asipotulia siku nzima, mpeleke hospitali.

Samaki wenye mafuta na kiini cha yai vina vitamini D, ila chakula peke yake mara nyingi hakitoshi. Muulize daktari kuhusu kipimo cha damu na vidonge. Usijinunulie tu dukani! Vikizidi, kalsiamu hupanda katika damu: mgonjwa hutapika, huwa na kiu, hukojoa mara kwa mara, na figo zinaweza kuharibika. Tena haviponyi ugonjwa wenyewe, na watafiti bado hawajakubaliana kama vinapunguza makali yake. Kwa hivyo asiache dawa alizoandikiwa. Siku ya kliniki, beba pakiti zote anazomeza, hata zile ulizoletewa na jirani.