Mgonjwa Huyu Si Mlevi

Alindaye usiku barabara iteremkayo kutoka Mudende kwenda Gisenyi, nchini Rwanda, aweza kusimamisha gari lenye mama mwenye mimba ya miezi minane, anatapika, macho ya manjano, maneno hayashikamani. Asiharakishe kusema ni pombe. Upo ugonjwa, wa nadra sana, ambao mafuta hujaa ghafla katika ini la mjamzito. Sukari mwilini hushuka, damu hukataa kuganda. Daktari Sheehan wa Uingereza aliupambanua mwaka 1940. Zamani wengi walikufa. Siku hizi wengi hupona, mradi mama azalishwe upesi, maana tiba yenyewe hasa ni hiyo. Ukaguzi wa hati ungoje. Gari lipite, na hospitali ipigiwe simu.