Kompaila Inayomjibu Mtu: Mhadhara wa Umma, Pipeline, Nairobi



Nimekuja na jambo moja. Kijana wa mtaa huu anaweza kujitengenezea lugha ya programu yenye kompaila yake mwenyewe, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa, chumbani mwake, na sehemu inayostahili jasho lake zaidi ni ile ambayo wengi huiacha mwisho: maneno ambayo kompaila humwambia mtu anapokosea.

Nianze na mashine, kwa kuwa wengi huamini kwamba kompyuta inajua Kiingereza. Haijui. Chukueni mstari mmoja ambao mkusanya kodi wa ploti yoyote hapa angeuhitaji:

deni = kodi - malipo

Kompaila husoma mstari huu herufi kwa herufi na kuugawa katika vipashio: majina matatu, alama ya usawa, alama ya kutoa. Kisha huvipanga kuwa mti: alama ya usawa ikiwa juu, deni na alama ya kutoa zikiwa chini yake, kodi na malipo yakiwa matawi ya kutoa. Halafu huupitia mti huo kuanzia chini na kuandika maagizo ya prosesa. Katika prosesa za Intel na AMD zilizomo ndani ya laptopu nyingi za mtumba, kutoa thamani ya rejista iitwayo rbx katika ile iitwayo rax ni baiti tatu: 72, 41, 216. Agizo la kurudi ulikotoka ni baiti moja, 195. Katika namba hizo hamna Kiingereza hata chembe. Kiingereza kiliwekwa juu yake na watu, na watu wengine wana haki ya kuweka chao.

Hili halikuanza kusemwa leo. Grace Hopper, aliyeandika kompaila iitwayo A-0 nchini Marekani mwaka 1952, baadaye aliwaonyesha wakubwa wa kampuni yake programu ileile ikiwa na maneno ya Kiingereza, ya Kifaransa na ya Kijerumani. Kwake lilikuwa jambo la kubadilisha jedwali la maneno tu. Wakubwa walishtuka, waliona haiwezekani kompyuta ya Kimarekani ielewe Kifaransa. Kila nikikifikiria kisa hicho huniuma, maana hofu kama ile ilichangia kuamua mwanafunzi wa hapa Embakasi angesoma nini miaka sabini baadaye.

Je, kazi yenyewe ni kubwa mno kwa mtu mmoja? Zamani ilikuwa kubwa. Kikundi cha John Backus pale IBM kilihangaika miaka kadhaa kabla ya kutoa kompaila ya Fortran mwaka 1957. Lakini mwaka 2001 Fabrice Bellard wa Ufaransa alishinda shindano la programu za lugha ya C zilizofumbwa kwa kompaila ndogo mno iliyoweza kujikompaili yenyewe. Kutoka hapo ikazaliwa TCC, ambayo faili lake lina takriban kilobaiti 100. Anayenunua bando la siku ataelewa mara moja uzito wa tarakimu hiyo. Ataelewa pia kwa nini nasisitiza lugha ya kukompailiwa: programu ikishageuzwa kuwa maagizo ya prosesa, unampa jirani faili moja, naye analiendesha kwenye mashine yake kuukuu ya aina ileile bila kupakua kitu kingine chochote.

Kiswahili kimeshaanza safari hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, na menyu zikasomeka kwa lugha yetu. Siku hizi kuna Nuru, lugha ya programu inayoandikwa kwa maneno kama vile kama, sivyo, wakati na rudisha. Nuru ni intapreta, yaani huendesha msimbo moja kwa moja bila kuugeuza kuwa faili la maagizo ya prosesa, na imejengwa kwa lugha ya programu iitwayo Go. Nawashauri vijana wafungue msimbo wake na kuusoma, kwa sababu uko wazi. Ujumbe wake wa makosa pia ni wa Kiswahili, na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Maneno ya Kiingereza ya lugha yenyewe ni machache: Go ina maneno maalumu 25. Mtoto wa darasa la sita huyakariri kwa siku mbili, hata kama hajui Kiingereza vizuri. Ugumu hauko hapo. Anayejifunza hukosea mara nyingi zaidi kuliko anavyopatia, na kila akikosea hujibiwa kwa sentensi nzima iliyojaa istilahi, wala sentensi hizo hazikaririki. Nimewaona wanafunzi wenye akili kali wakiufuta mstari uliokuwa karibu kuwa sahihi, kwa kuwa hawakuelewa wanaambiwa nini.

Sasa jaribuni kuandika ujumbe huo kwa Kiswahili na mtaona kazi ilivyo. Mtengenezaji wa kompaila ya Kiingereza huandika sentensi moja, akaacha pengo, kisha akatia jina la kitu chochote ndani yake. Kwetu pengo hilo haliji peke yake, kwa kuwa kitenzi hufuata ngeli ya jina linalotiwa humo. Namba ilitarajiwa, kigeu kilitarajiwa, maneno yalitarajiwa, vigeu viwili vimekosekana, orodha mbili zimekosekana. Ukitumia sentensi moja kwa vyote utatoa ujumbe wa kuchekesha, na mwanafunzi ataacha kuuamini. Basi katika jedwali ambamo kompaila huhifadhi aina za vitu, kila aina iandikwe pamoja na viambishi vya ngeli yake, vya umoja na vya wingi. Ni safu mbili tu za ziada. Hakuna kitabu cha kompaila nilichosomeshwa kilichozitaja, na bila hizo hatuwezi.

Tuongeze hatua moja. Mtu akiandika malpo, kompaila ilinganishe jina hilo na majina yaliyokwisha kutangazwa kwa kipimo alichokieleza Vladimir Levenshtein mwaka 1965, kinachohesabu herufi za kuongeza, kufuta au kubadilisha. Tofauti hapa ni herufi moja. Ujumbe useme: Mstari wa 7: jina malpo halijatangazwa. Je, ulikusudia malipo, lililotangazwa mstari wa 3?

Mmoja wenu ameniuliza mlangoni kama ujumbe huo uandikwe kwa Sheng. Jibu langu ni hapana, kwa sababu Sheng ya Pipeline na ya Kariobangi hazilingani, na ya mwakani haitakuwa ya leo. Lakini pia usiandikwe kwa istilahi ambazo hata walimu wa Kiswahili hulazimika kuzitafuta kamusini. Aliyemaliza kidato cha nne ausome mara moja na ajue aguse wapi.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaofundisha wanaoanza, katika saiba na madarasa ya jioni, muandike kila ujumbe unaomkwamisha mwanafunzi wenu, pamoja na mstari uliousababisha. Walimu wa Kiswahili mlioko hapa, ketini na waandishi wa programu mzipange ngeli za jedwali lile. Msimbo wa kugawa vipashio na kujenga mti vijana watauandika wenyewe, wameshaanza.