Mkono wa Mwuguzi na Mgonjwa wa Akili

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Najua ya kuwa kazi ya wengi wenu ni kalamu na majalada, wala si vidonda. Walakini jambo nililo nalo lapita mezani penu pia, kama mtakavyosikia.

Nalikuwa zamu ya usiku katika hospitali moja ya wagonjwa wa akili, ambayo sitaitaja. Mzee mmoja, mpole kabisa, alikuwa akinywa dawa iitwayo klozapini, nayo ilimfaa sana: sauti zilizomsumbua zilikuwa zimenyamaza. Usiku ule aliniambia ya kuwa nyoka amejikunja tumboni mwake. Nikaandika kitabuni, “Mawazo ya wazimu yamerudi,” nikaenda zangu. Usiku wa pili akasema vile vile, nami nikaandika vile vile. Siku ya tatu akaanza kutapika, na tumbo limekazana kama ngoma, ndipo akapelekwa kwa mpasuaji. Utumbo ulikuwa umeziba kwa choo. Dawa ile hulegeza mwendo wa matumbo, na hatari yake si siri. Wakuu wa dawa wa Marekani waliongeza ukali wa onyo lao juu yake mwaka wa 2020. Mzee alipona, kwa rehema ya Mungu, si kwa uangalifu wangu. Siku zote zile sikumwuliza alikwenda choo lini, wala sikuweka mkono wangu juu ya tumbo lake. Maandiko yale yangalipo kitabuni, na mwandiko wenyewe ni mzuri sana.

Mtaniuliza, je, hukufundishwa? Nalifundishwa kidogo, katika mwaka wa kwanza. Kisha nikaambiwa kwamba mimi ni mwuguzi wa akili, na mwili una wenyewe.

Mgawanyo huu wa akili na mwili umeua watu wengi. Shirika la Afya la Dunia lasema ya kuwa wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hata 20 kabla ya watu wengine, na wengi wao huuawa na maradhi ya mwili: moyo, kisukari, kifua. Tena kuna maradhi ya mwili yanayovaa nguo za wazimu. Mwaka wa 1914 daktari Joseph Goldberger alitumwa na serikali ya Marekani kuchunguza pelagra, maradhi yaliyojaza nyumba za wendawazimu katika majimbo ya kusini. Akaona ya kuwa wagonjwa huipata, na wauguzi wanaokaa nao hawaipati. Basi si maradhi ya kuambukizana. Sababu ilikuwa chakula: mahindi tele, nyama na maziwa haba. Huko Milledgeville, katika jimbo la Georgia, wagonjwa walipopewa maziwa, mayai, nyama na kunde, pelagra ikatoweka. Na dalili yake huonekana kwa macho: ngozi ya mikono na shingo hubabuka palipopigwa na jua. Yataka mtu wa kuitazama tu.

Wenzetu wa Marekani wameliweka jambo hili katika kanuni. Kwa makubaliano yao ya mwaka wa 2008, mwuguzi atakaye cheo cha juu, cha kutibu na kuandika dawa, sharti asome masomo matatu mbali mbali: jinsi maradhi yanavyoharibu mwili, jinsi ya kuupima mwili toka utosini hata nyayoni, na dawa. Mwuguzi wa akili hakuachiliwa.

Masomo hayo ni kazi ya mikono. Kifua hutazamwa, hupapaswa, hugongwa kwa vidole, kisha husikilizwa. Tumbo lina utaratibu wake: hutazamwa, halafu husikilizwa kwanza kabla ya kuguswa, maana ukilibonyeza waweza kuzigeuza sauti za matumbo. Mwuguzi wa akili huongeza yake: hukunja kiwiko cha mgonjwa aone kama dawa zimeukaza, hutazama mikono inayotetemeka, humwambia atembee, hupima kiuno chake na uzito, kwa kuwa dawa zetu nyingine hunenepesha na kuleta kisukari.

Wako wanaopinga. Husema mgonjwa mwenye hofu asiguswe na yule yule anayemtegemea kwa mazungumzo. Hoja hii nisiidharau, maana nimewaona walioguswa kwa nguvu wakaogopa kila mkono. Walakini dawa yake ni kuomba ruhusa, kueleza kila utakalofanya, na kuacha ukiambiwa acha. Mzee wangu angaliniruhusu, alikuwa akiniomba.

Sasa nafika mezani penu. Maombi ya mwuguzi wa akili ya kwenda masomoni kupima mwili hurudi mara nyingi yameandikwa, “Hayahusu kazi yake.” Mwenye kuandika maneno hayo ni mmoja wetu, nami simlaumu, kwa kuwa nami naliandika yangu. Maombi mapya ya watu wanne wa wodi yetu nimemkabidhi Mwandishi wa Chama jioni hii. Namwomba ayasome kwenu kabla hatujatawanyika, na kila mwenye swali aniulize hapa hapa.