UKIACHA CHUO, DAI BARUA YA UTHIBITISHO
(Maneno ya mhamasishaji wa jamii katika mkutano wa wazazi na vijana, Nakivale, Uganda)



Leo nazungumza na wale waliopata nafasi ya chuo, kisha ikawabidi kuiacha. Sababu tunazijua: karo imeshindikana, kuna mgonjwa nyumbani, dada amejifungua, au familia imeitwa kwenda nchi ya tatu. Kuacha si aibu. Hatari ni kuondoka kimya kimya.

Tuseme kijana amefunga sanduku lake akarudi nyumbani. Yeye anajua ameacha, lakini chuo hakijui. Katika daftari la chuo bado ni mwanafunzi. Muhula mpya ukianza anaweza kuandikiwa karo nyingine, na mtihani ambao hakuufanya ukahesabiwa kuwa ameshindwa. Baadaye akipata nafasi kwingine, anaulizwa: "Kule ulitokaje?" Naye hana karatasi ya kuonyesha.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tufanye hivi:

1. Uliza kwanza kama unaweza kuahirisha masomo. Anayeahirisha huweza kushikiwa nafasi yake. Anayefuta usajili huenda akaanza kuomba upya.

2. Kama unasomeshwa na mfadhili, kwa mfano DAFI, mpango wa UNHCR ulioanza mwaka 1992, zungumza na ofisi inayokusomesha kabla ya kuandika lolote.

3. Mwandikie barua msajili wa chuo. Taja jina, namba ya usajili, kozi, sababu na tarehe. Jina liwe sawasawa na lile la kitambulisho chako cha mkimbizi, maana wengi wetu majina yaliandikwa hivi Kongo na vile Uganda. Baki na nakala yenye muhuri.

4. Muhuri wa "imepokelewa" maana yake barua imefika tu. Haisemi kwamba usajili umefutwa. Uliza jibu litatoka siku gani, na siku hiyo rudi au piga simu.

5. Barua ya uthibitisho iseme wazi kwamba usajili umefutwa, tangu tarehe gani, na kama kuna deni au fedha ya kurudishiwa. Ukiona kosa, omba lirekebishwe mara moja. Dai pia vyeti vyako halisi kama vilibaki chuoni.

Wazazi, barua hiyo iwekeni pamoja na karatasi za familia, mahali ambapo mvua na panya hawafiki. Tena, msimpe mtu fedha kwa ahadi ya kuwapitishia mambo ofisini. Huduma za UNHCR ni za bure.

UNHCR na washirika wake wameweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030, asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe katika elimu ya juu. Nafasi ya pili inaweza kuja. Ikija, ikukute na karatasi mkononi.

Anayehitaji msaada wa kuandika barua, anione baada ya mkutano.