Kifua Kikuu Kinapoingia Mgongoni

Jina la kifua kikuu limetupotosha wengi. Tunangoja kikohozi na damu, kumbe vimelea vilevile huweza kusafiri kwa njia ya damu vikatua katika pingili za mgongo, na mgonjwa asikohoe hata siku moja.

Ni hapa London ambapo Percivall Pott, mpasuaji wa hospitali ya St Bartholomew's, aliandika mwaka 1779 juu ya wagonjwa waliopinda mgongo na kupooza miguu. Ugonjwa huu ungali ukiitwa kwa jina lake, ingawa kimelea chenyewe kilitangazwa na Robert Koch mwaka 1882 tu.

Dalili huja polepole: maumivu ya mgongo ya miezi mingi, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda. Eksirei ya mwanzo yaweza isioneshe kitu. Kipimo cha MRI ndicho kinachofichua pingili mbili jirani zilizoliwa, na usaha ulioteremka pengine hadi kwenye kinena. Hata hivyo saratani nayo huweza kufanana na hayo. Kwa hiyo daktari huchoma sindano, akiongozwa na picha, achukue usaha au kipande cha mfupa ili vimelea vioteshwe maabara na ijulikane ni dawa zipi zinaviua.

Je, kisu? Majaribio ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yaliyoanza miaka ya 1960 huko Korea, Hong Kong na Bulawayo, yalionesha kwamba wengi hupona kwa dawa huku wakitembea, bila kulazwa wala kufungwa plasta. Mpasuaji huitwa pale neva za mgongo zinapobanwa, pingili zinapolegea, au kibyongo cha mtoto kinapozidi. Huondoa usaha na mfupa uliooza, akapandikiza mfupa wa ubavu au nyonga, kisha akaushikilia mgongo kwa skrubu na vyuma.

Dawa ni nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne au zaidi. Kozi fupi ya miezi sita, tusisahau, ilijaribiwa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa wagonjwa wa mapafu.

Wenzetu hapa Uingereza hujificha wakihofia gharama au vibali. Matibabu ya kifua kikuu hayalipishwi, hata kwa asiye na vibali. Na miguu ikianza kuwa mizito, au mkojo ukikataa kutoka, usingoje miadi: nenda idara ya dharura siku hiyohiyo.