CHEREHANI KUUKUU, KARAKANA MPYA

Mazungumzo kwa wanachama katika mkutano wa mwaka, kuhusu pendekezo la karakana ya vijana wa Ugweno



Kamati imenipa nafasi nieleze pendekezo moja kabla hatujapiga kura kuhusu matumizi ya fedha za harambee ya mwaka huu. Mezani kuna mapendekezo mawili ya karakana ya vijana. La kwanza ni kununua jenereta na mashine za umeme za useremala. La pili ni kuanza na zana zinazoendeshwa kwa mguu, zitakazotengenezwa kutokana na cherehani kuukuu ambazo tayari zimo majumbani mwetu. Mimi naunga mkono la pili. Kazi yangu ni uhasibu, si ufundi, kwa hiyo ya ufundi nitayasema kama nilivyoonyeshwa na mafundi wenyewe, na ya hesabu nitayasema kwa jinsi ninavyoyajua.

Chuma si kigeni kwetu

Marehemu Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, ameeleza kwamba kabla ya utawala wa Wasuya, wenye nguvu Ugweno walikuwa Washana, ukoo wa wahunzi. Chuma cha milima yetu kiliuzwa hadi Uchagani. Nalitaja hili kwa sababu tumezoea kusema kwamba nyumbani hakuna kiwanda. Viwanda vilikuwepo, na nguvu iliyoviendesha ilikuwa mikono na miguu ya watu, pamoja na mvukuto.

Leo kijana anayemaliza shule nyumbani akitaka kuwa seremala anakutana na kikwazo kimoja kabla ya vingine vyote: zana. Mbao zipo, wateja wapo, lakini patasi ni butu, randa haina makali, na miguu ya viti inabidi iagizwe kutoka mjini ikiwa imekwisha kukerezwa. Kwa hiyo anashuka kwenda Mwanga, Moshi au Dar es Salaam kutafuta kibarua, na sisi tulioko huku tunabaki kumtafutia pa kulala.

Tulicho nacho

Ingia nyumba yoyote ya zamani pale kwetu, utaikuta cherehani ya miguu imekaa pembeni imefunikwa kitambaa, juu yake pamewekwa redio au vyombo. Isaac Merritt Singer alipata hataza ya cherehani yake nchini Marekani mwaka 1851. Kiwanda kikubwa cha kampuni yake huko Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa miaka ya 1880 na kufungwa mwaka 1980, kilitoa mashine zilizosambaa duniani kote. Baadaye zikaja Butterfly za Uchina. Nyingine zilinunuliwa na wazazi wetu kwa fedha za kahawa, zikasomesha watoto, na baadhi ya watoto hao wamo humu ukumbini.

Kinachokufa kwanza ni kichwa cha mashine, yaani sehemu inayoshona. Vipuri vyake vinakwisha, shato inalika, uzi unakatika kila mara. Lakini miguu ya chuma, kanyagio, mkono unaounganisha kanyagio na gurudumu, na gurudumu lenyewe, vyote hivyo havichoki upesi. Vinahitaji mafuta na mkanda tu. Hiyo ndiyo mali inayolala.

Inavyofanya kazi

Gurudumu kubwa la chini lina upana wa sentimita 30 hivi. Mkanda wa ngozi hutoka hapo kwenda kwenye puli ndogo ya juu. Puli ikiwa na upana wa sentimita 7.5, kila mzunguko mmoja wa chini unatoa mizunguko minne juu. Mtu akikanyaga mara 80 kwa dakika bila kujichosha, juu anapata mizunguko 320. Ukiweka puli ya sentimita 5, unapata 480. Ondoa kichwa cha cherehani, weka mahali pake shafti inayozunguka kwenye beringi mbili, hata zile za gurudumu la pikipiki, na tayari una mtambo. Kinachobaki ni kuamua uufunge kifaa gani.

Cha kwanza ni jiwe la kunolea. Hapa mguu una faida juu ya umeme. Mota ya umeme ya kunolea huzunguka kama mara 2,900 kwa dakika. Jiwe lenye upana wa sentimita 15 likizunguka hivyo, ukingo wake unapita kwenye chuma zaidi ya meta 1,300 kwa dakika; kijana asiye mzoefu anaunguza ncha ya patasi, inageuka buluu, na ukali haukai tena. Jiwe hilo hilo likizungushwa mara 320, ukingo unapita meta 150 tu. Kazi inakwenda polepole, lakini chuma hakipati joto la kuharibika. Mapanga, mashoka, mundu, patasi, visu na mikasi ya kupogolea kahawa, vyote vinanoleka.

Cha pili ni kerezo. Neno kukereza lilikuwepo katika Kiswahili kabla umeme haujafika kwetu, na kazi yenyewe vilevile. Kwa kerezo la mguu kijana anatoa miguu ya stuli, vifimbo vya kusukumia chapati, mipini ya patasi na tupa, vishikizo vya milango.

Cha tatu ni msumeno mwembamba wa kukatia maua kwenye mbao nyembamba. Mzunguko wa gurudumu unageuzwa kuwa mwendo wa kupanda na kushuka, kama sindano ilivyokuwa ikifanya. Cha nne ni keekee ya kutobolea matundu madogo.

Haya hayakubuniwa jana. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni ya W. F. & John Barnes ya Rockford, Illinois, iliuza makerezo na misumeno ya kukanyaga kwa maseremala wa Marekani. Huku Dar es Salaam mnawaona kila siku wanoa visu wanaosimamisha baiskeli, wanageuza mnyororo, na kunoa palepale mlangoni pa mteja. Arusha, Bernard Kiwia, aliyetokea kwenye ufundi wa baiskeli, amejulikana kwa kuunda vifaa vinavyoendeshwa kwa pedali, ikiwemo chaja ya simu.

Mipaka yake

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimeahidi miujiza. Mtu mwenye afya akiendesha pedali za baiskeli kwa muda mrefu hutoa nguvu ya wati 75 hivi. Kwa kanyagio la cherehani ni pungufu ya hapo. Kwa hiyo kupasua magogo na kuranda mbao nene za mvule si kazi ya meza hizi. Mbao zitaendelea kupasuliwa zinakopasuliwa sasa.

Mafundi wamenionya mambo manne, na nimeyaandika kama masharti ya mradi. Miguu ya cherehani ni chuma cha kusubu, haipendi kuchomelewa kwa vijiti vya kawaida, inapasuka; kila kitu kifungwe kwa bolti. Gurudumu ni jepesi kwa kerezo, kwa hiyo liongezewe uzito ulio sawa pande zote, la sivyo linasita fundi anapogusisha patasi kwenye mti. Kanyagio linaweza kuzungusha gurudumu mbele au nyuma, hivyo mwanafunzi lazima ajifunze kwanza kuanzisha kwa mkono upande ulio sahihi. Na mkanda na jiwe viwekewe kizuizi, kwa ajili ya vidole vya watoto na pindo za khanga, na anayenoa avae miwani ya kujikinga.

Hesabu

Gharama za mashine yoyote ni za aina mbili. Kuna ile unayolipa mara moja unaponunua, na kuna ile unayolipa kila inapofanya kazi. Harambee hushughulikia vizuri ya kwanza, kwa sababu inapigiwa makofi. Ya pili haina mgeni rasmi. Sote tumewahi kuona mahali fulani jenereta lililofunikwa turubai: lilinunuliwa kwa sherehe, likakosa mafuta kimyakimya.

Chukueni siku ya kawaida ya kijana wetu. Asubuhi analetewa mapanga matatu na patasi mbili za kunoa. Akiwasha jenereta kwa kazi hiyo, mafuta yanakula malipo kabla hajanywa chai. Akikanyaga, malipo ni yake, ukitoa sehemu ndogo ya jiwe na mkanda vinavyochakaa taratibu. Siku asipopata mteja hata mmoja, meza haimdai kitu. Kwa biashara inayoanza, hilo lina uzito kuliko kasi.

Wapo watakaouliza: umeme umefika vijijini, kwa nini turudi nyuma? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba hatufungi mlango. Meza ileile, siku kijana akiwa na wateja wa kutosha kulipia umeme, inafungwa mota ndogo mahali pa kanyagio. Tunaanza na kile ambacho mapato ya mwezi wa kwanza yanaweza kukibeba.

Meza hazitagawiwa bure

Mwaka 1856 kampuni ya Singer, kwa wazo la mshirika wake Edward Clark, ilianza kuuza cherehani kwa malipo ya awamu. Familia ilitoa kiasi kidogo, ikachukua mashine, ikamalizia deni kwa kazi ya mashine hiyohiyo. Nashauri tuige hapo. Kijana akimaliza mafunzo anakabidhiwa meza yake, analipa kidogo kidogo kwenye mfuko wa karakana, na fedha hizo zinatengeneza meza ya kijana anayefuata. Akishindwa kabisa, meza inarudi, na yeye hadaiwi zaidi.

Kila meza igongwe namba kwenye chuma. Kila namba iwe na ukurasa wake daftarini: imetoka nyumba gani, imetengenezwa kwa kiasi gani, iko kwa nani, amelipa mpaka wapi. Daftari lisomwe kwenye mkutano huu kila mwaka, mbele ya wote. Ushauri wa kiufundi na mafunzo tuuombe kwa SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa kazi ya viwanda vidogo, na kwa VETA. Tusijifanye tunajua kila kitu.

Cherehani ya bibi isivunjwe

Nimeongea na mama zetu kabla ya leo, na najua hofu yao. Cherehani ni kumbukumbu. Nyingine ndiyo kitu pekee kilichobaki cha mama aliyetangulia. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mradi ni hii: hakuna mashine itakayofunguliwa kabla ya kujaribiwa. Ikipakwa mafuta ikashona, itabaki cherehani, na mwenyewe akipenda tutamwazima binti anayejifunza kushona. Kikiwa kichwa kimekufa kabisa, kwanza kitolewe vipuri vya kufufulia wenzake, ndipo miguu yake iende karakana. Na kwenye daftari, pembeni ya namba, jina la aliyeitumia liandikwe. Familia isiyo tayari isisumbuliwe na mtu yeyote, hata mjumbe wa kamati.

Ninachowaomba

Kwanza, kura yenu kwa pendekezo la pili. Bajeti ya mhazini imo kwenye kijitabu hiki, isomeni mstari kwa mstari na mwulize.

Pili, cherehani. Ukienda nyumbani Desemba hii, ongea na wazee, kisha mwandikishe katibu wa tawi lako. Usibebe mashine bila ridhaa ya nyumba nzima.

Tatu, vitu vidogo visivyopatikana kule kwa urahisi: mawe ya kunolea, beringi, bolti, mikanda, miwani ya kujikinga. Mwenye duka, mwenye gereji na mwenye nafasi ndani ya gari lake la Desemba, kila mmoja ana la kutoa hapa.

Nne, kazi. Sisi wa mjini ndio tunaonunua stuli, miiko na vishikizo vya milango madukani. Karakana ikifunguliwa, tuagize nyumbani na tulipe bei kamili, bila kuomba punguzo la undugu. Punguzo la undugu limeua biashara nyingi za vijana wetu, na hilo hakuna mradi unaoweza kulitibu isipokuwa sisi wenyewe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.