Kimya cha Dakika Tatu



Hakuna kitu kinachomtia kiwewe fundi mitambo wetu hapa redioni Isiolo kama kimya. Sekunde tano zikipita bila sauti, yeye ameshainuka kitini kutafuta waya uliochomoka. Leo nataka tuzungumze kuhusu redio ambayo kimya kilikuwa sheria yake.

Ni redio ya melini, ile ya kugonga, si ya kusema. Ngojeni niwagongee hapa mezani. Fupi tatu, ndefu tatu, fupi tatu. Hiyo ni SOS, mwito wa Morse wa meli iliyo taabani, ulioanza kutumika rasmi tarehe 1 Julai 1908. Meli ziliitana katika masafa ya kilohezi 500. Mara mbili kila saa, dakika ya 15 hadi ya 18, na ya 45 hadi ya 48, kila mwendesha redio aliondoa mkono kwenye kitufe akatega sikio. Saa ya ukutani ilipakwa rangi nyekundu sehemu hizo mbili ili asijisahau. Hapo ndipo mnyonge mwenye betri inayokata roho alipopata nafasi ya kusikika. Usiku ule Titanic ilipokuwa ikizama, Aprili 1912, meli iitwayo Californian haikuwa mbali, ila mwendesha redio wake alikuwa amezima mtambo, amelala.

Utaniuliza, Isiolo na bahari wapi na wapi? Haya, tushuke Mombasa kwanza.

Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Colombo mwezi wa Aprili, Waingereza walihamishia Kilindini kundi lao la kunasa na kufumbua mawasiliano ya adui. Wakaichukua shule ya Allidina Visram, ile inayotazama bahari, yenye jina la mfanyabiashara aliyetapakaza maduka kutoka pwani hadi Uganda. Wakaketi humo, visikilizio masikioni, wakiandika nukta na vistari vilivyotoka ng'ambo ya bahari nzima. Kazi haikuwa nyepesi. Mawimbi yalifika yamechoka, na Morse ya Wajapani ina alama nyingi kuliko ya herufi za Kizungu, kwa kuwa wao huandika kwa silabi. Hata hivyo ni hapo Mombasa walipovunja fumbo la JN-40, lililotumiwa na meli za mizigo za Japani. Mwaka 1943 wakarudi Colombo. Kwangu mimi hiki ni kisa cha kufundishwa kila shule ya Kenya, lakini mtajie kijana leo, atadhani umetoa sinemani.

Isiolo nayo ilikuwa kambi ya majeshi yaliyokwenda kupigana na Waitaliano kaskazini, 1940 na 1941, na jeshi la siku zile halikutoka kambini bila watu wa Morse. Tena tazama neno simu. Tulilipata kwa Waajemi, na kwao maana yake ni waya. Waya wa chini ya bahari ulipofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, enzi ya Seyyid Barghash, habari zilipita humo kwa kugongwa, si kwa kuongea.

Morse ya baharini ilistaafishwa tarehe 1 Februari 1999, setilaiti zikashika zamu. Mwaka 2014 Ujerumani iliiweka Morse katika orodha yake ya kitaifa ya urithi usioshikika. Mwaka huohuo ngoma yetu ya Isukuti iliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kwa hiyo tunajua njia ya ofisi hizo.

Lakini sisemi tujaze mitambo yenye kutu kwenye kabati za vioo. Kitu kinachopotea ni sikio na mkono. Waendesha redio walitambuana kwa namna mtu anavyogonga tu, kama mchungaji wa Merti anavyomtambua ngamia wake kwa unyayo. Hilo haliwekwi kabatini. Linarekodiwa, na linafundishwa na aliye hai. Wapo Wakenya wa redio za ridhaa, wenye vitambulisho vya hewani vinavyoanza na 5Z4, na katika ulimwengu wao Morse bado inagongwa. Wala si mapenzi ya vikale tu: mlio mwembamba wa Morse hupenya pale sauti ya mtu inapomezwa na mikwaruzo, tena kwa umeme kidogo mno. Sisi tunaopanda kichuguu kutafuta mtandao tusiucheke.

Kwa hiyo nina ombi. Kama kwenu kuna mzee, awe babu au nyanya, aliyewahi kufanya kazi ya Morse, jeshini, polisi, posta au melini, mlete studio. Hata vidole vikitetemeka, aje. Nitamwekea kipaza sauti na meza ya mbao, agonge jina lake.

Saa yetu hapa sasa inasoma saa moja na dakika kumi na tano. Fundi mitambo, kaa kitini, waya uko salama. Dakika tatu nzima siwezi kupewa, nimeomba sekunde kumi. Tusikilize.